Kutumia Programu za Simu Kudhibiti Ulaji wa Kupindukia: Mwongozo Kamili

Mtu anayefakamia chakula usiku kwa siri mara nyingi huwa ameshinda kutwa nzima bila kula cha maana. Simu ikitumiwa vizuri inaweza kulionyesha jambo hilo ndani ya wiki moja, ilhali programu nyingi za kupunguza uzito hulificha, kwa kuwa zenyewe humpongeza mtumiaji kila anapokula kidogo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua programu, kuiandaa, kuandika ndani yake, kupanga saa za kula kwa kengele za simu, na kuzivuka zile dakika ambazo hamu ya kula humzidi mtu nguvu.

Kwanza ieleweke tunazungumzia nini. Kuvimbiwa siku ya Idi au kwenye harusi, pilau ikiwa bado ya moto na wenyeji wakisisitiza uongeze, si ugonjwa. Ulaji wa kupindukia ni pale mtu anapokula, ndani ya muda mfupi, tuseme saa mbili, chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula katika hali kama hiyo, huku akihisi kwamba hawezi kujizuia wala kuacha. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliutambua rasmi kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na kipimo chake ni kwamba hali hiyo itokee walau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, ikiambatana na baadhi ya dalili hizi: kula haraka mno, kula hadi tumbo liume, kula bila kuwa na njaa, kula kwa kujificha kwa sababu ya aibu, na kujichukia baada ya kula. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ugonjwa huu huwapata wanene na wembamba, wanaume kwa wanawake, na kumwita mgonjwa mlafi hakumsaidii chochote isipokuwa kumfanya ajifiche vizuri zaidi.

Simu inaingia hapa kwa sababu ya jinsi ugonjwa huu unavyotibiwa. Tiba iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi ni ile ya kisaikolojia inayoshughulikia fikra na mwenendo, ambayo kwa upande wa maradhi ya ulaji iliendelezwa hasa na Profesa Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mambo mawili ya mwanzo katika tiba hiyo ni kuandika unachokula wakati uleule unapokula, na kula kwa saa zilizopangwa. Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, inapendekeza mtu mzima mwenye ugonjwa huu aanze kwa kujisaidia mwenyewe akifuata maelekezo ya tiba hiyo, akisaidiwa na vikao vifupi, kwa mfano kati ya vinne na tisa vya dakika ishirini kila kimoja ndani ya wiki 16. Kuandika papo hapo na kukumbushwa saa ni kazi mbili ambazo simu huzifanya vyema kuliko daftari, kwa sababu simu iko mfukoni na hakuna anayeshangaa kumwona mtu akiandika kwenye simu mezani.

Nani amwone daktari kabla ya kupakua chochote

Wako watu ambao hawapaswi kuanza na simu. Anayejitapisha baada ya kula, anayetumia dawa za kuharisha au za kukojoa ili kufuta alichokula, anahitaji kupimwa kwanza, kwa kuwa mwenendo huo huweza kushusha kiwango cha potasiamu mwilini na kuuvuruga moyo bila dalili kubwa za nje. Mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini, mjamzito, na mtoto au kijana ambaye bado anakua, hawa nao ratiba yao ya kula ipangwe na mhudumu wa afya. Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri programu yoyote. Aende kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo, akisindikizwa na mtu anayemwamini.

Hatua ya kwanza: Kuchagua programu

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni kwamba programu isiwe ya kuhesabu kalori wala ya kushindania kilo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 juu ya wagonjwa 105 wa maradhi ya ulaji, takriban robo tatu walikuwa wametumia MyFitnessPal, ambayo ni programu maarufu ya kuhesabu kalori, na kati ya hao waliowahi kuitumia, asilimia 73 walisema waliona imechangia katika ugonjwa wao. Programu yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa hao, hivyo lawama haiishii kwa watengenezaji. Lakini mtu ambaye tayari anajinyima kisha analipuka, akipewa namba nyekundu inayomwambia amepitisha kiwango saa nane mchana, huiona siku nzima kuwa imekwisha kuharibika na kuamua kuimalizia hivyohivyo. Isitoshe, kwa mlaji wa huku kwetu hesabu zenyewe hazina uhakika. Mtu aliyekula ugali na dagaa kwenye sinia moja na ndugu watano ataandika gramu ngapi?

Programu inayofaa ni ile inayouliza maswali ya aina nyingine: umekula nini, saa ngapi, wapi, ukiwa na nani, ulikuwa unajisikiaje, na je, ulihisi umeshindwa kujizuia. Recovery Record ni mfano unaojulikana. Imetengenezwa mahususi kwa maradhi ya ulaji, inarekodi milo pamoja na hisia na mwenendo, na inaruhusu mgonjwa kuunganisha kumbukumbu zake na mtaalamu anayemtibu. Programu mahususi za namna hii nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini hakuna kinachokuzuia kujaza maelezo yako kwa Kiswahili, na ni vyema ufanye hivyo, kwa sababu hisia huandikika kwa ukweli zaidi katika lugha unayoitumia unapokasirika.

Asiyetaka kupakua kitu kipya, au ambaye simu yake imejaa, hana sababu ya kukata tamaa. Sehemu ya kuandikia kumbukumbu iliyomo ndani ya simu yoyote inatosha kabisa. WhatsApp inakuruhusu kujiandikia ujumbe mwenyewe, na faida yake ni kwamba kila ujumbe hujiwekea saa bila wewe kuiandika, haumalizi bando, na gumzo hilo unaweza kulifunga kwa alama ya kidole. Kwa maoni yangu, mtu anayeanza anafanya vizuri zaidi na njia hii nyepesi kuliko programu yenye vitufe ishirini ambayo ataichoka kabla wiki haijaisha.

Tahadhari moja kuhusu programu za akili bandia zinazojibu maswali kama binadamu. Mwaka 2023 chama cha Marekani kinachoshughulikia maradhi ya ulaji, NEDA, kililazimika kuiondoa mtandaoni programu yake ya mazungumzo iliyoitwa Tessa, baada ya watumiaji kuonyesha kwamba ilikuwa ikiwapa ushauri wa kupunguza uzito. Ikiwa programu iliyowekwa na chama chenye kazi hiyohiyo iliteleza namna hiyo, usiiulize programu ya jumla ikupangie mlo wa kujinyima.

Hatua ya pili: Kuiandaa simu kabla ya kuandika neno la kwanza

Unachokwenda kuandika ni habari za afya yako, na huenda ni siri ambayo hata mwenzi wako haijui. Fungua mipangilio ya simu, tafuta ruhusa za programu hiyo, kisha uzime mahali ulipo, anwani za watu na kipaza sauti, kwa kuwa shajara ya chakula haihitaji kimojawapo. Weka nenosiri au alama ya kidole kwenye programu yenyewe, si kwenye simu tu, maana simu za nyumbani hushikwa na kila mtu. Zima arifa zisionyeshe maandishi kwenye skrini iliyofungwa. Wasiwasi huu si wa bure: mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kosa la kuwapa watangazaji wa biashara taarifa za afya za wateja wake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, lakini kampuni iliyo ng'ambo haifikiki kwa urahisi, kwa hiyo njia salama ni kutoiandikia programu jina lako kamili wala namba yako ya simu pale ambapo si lazima.

Baada ya hapo, safisha vishawishi. Programu za kuagiza chakula ziondolewe, au angalau ufute namna ya malipo iliyohifadhiwa, ili kuagiza kuku na chipsi usiku wa manane kuhitaji kuandika namba upya badala ya kubonyeza mara moja. Acha kufuata kurasa za watu wanaoonyesha miili yao kabla na baada ya kupungua, na zile za watu wanaokula masinia makubwa mbele ya kamera. Zote mbili humpeleka mtu mahali pamoja kwa njia tofauti.

Hatua ya tatu: Wiki moja ya kuandika bila kubadili kitu

Wiki ya kwanza usijaribu kujirekebisha. Kula kama kawaida yako, ila andika kila kitu kinachoingia kinywani, wakati uleule au ndani ya dakika chache, ukiweka saa, chakula, mahali, hali yako, na alama ya nyota pale ulipohisi umeshindwa kujizuia. Usingoje jioni kuandika yote kwa pamoja, kwa sababu kumbukumbu ya jioni huandikwa na majuto ya jioni. Vipimo viandikwe kwa lugha ya nyumbani: bakuli, kipande, sahani, kiganja. Uzito usiupime zaidi ya mara moja kwa wiki, na ukiona mzani unakuharibia siku, uache kabisa kwa sasa.

Huu hapa ni mfano wa kubuni wa siku moja ya mfanyakazi wa ofisini Dar es Salaam:

Saa 12:30 asubuhi, nyumbani. Chai ya rangi kikombe kimoja. Sikula kitafunwa, jana nilizidisha.
Saa 7:15 mchana, ofisini. Maji, karanga za mia tano. Wenzangu wameenda kwa mama ntilie, nimesema nimeshiba.
Saa 11:20 jioni, kwenye daladala. Sijala. Kichwa kinauma.
Saa 3:40 usiku, chumbani, mlango nimefunga. Chipsi mayai sahani mbili, soda, nusu mkate na siagi ya karanga, ndani ya nusu saa. Nyota. Bosi alinipigia kunifokea kuhusu ripoti. Najichukia.

Mwenye shajara hiyo atasema kilichomponza ni simu ya bosi, na hakosei, kwa kuwa hasira na huzuni ni miongoni mwa vichocheo vikubwa. Lakini kati ya kile kikombe cha chai na zile sahani za chipsi zimepita zaidi ya saa 15, na katikati yake hakuna kitu isipokuwa karanga. Bosi aliwasha kiberiti tu. Tazama pia ile sababu ya asubuhi, «jana nilizidisha»: mtu anajiadhibu leo kwa kosa la jana, na adhabu yenyewe ndiyo inayozaa kosa la leo. Mzunguko huo hauonekani kwa macho mpaka uandikwe siku kadhaa mfululizo, ndipo unapojitokeza wenyewe ukipitisha kidole kwenye skrini kutoka Jumatatu hadi Jumapili.

Hatua ya nne: Kupanga saa za kula kwa kengele

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na mtu mwenye nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu afanye hili. Kanuni ni milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu kila siku, bila kuacha pengo la zaidi ya saa nne kati ya kimoja na kingine ukiwa macho. Ratiba ya kawaida inaweza kuwa kifungua kinywa saa 1 asubuhi, kitafunwa saa 4, chakula cha mchana saa 7, kitafunwa saa 10 jioni, chakula cha usiku saa 1:30, na kitu chepesi saa 3:30 kwa wale ambao shida yao huja wakati wa kulala. Kwenye kengele ya simu saa hizo zitasomeka 07:00, 10:00, 13:00, 16:00, 19:30 na 21:30. Iwekee kila kengele maandishi yake, na ukiwa kazini unaweza kuyaficha kwa jina lisilomhusu mtu, kama «ripoti» au «piga simu».

Chakula chenyewe kisikuumize kichwa kwa sasa. Uji na yai, chapati na maharage, wali na samaki, mihogo ya kuchemsha, ndizi mbivu, maziwa ya mgando: chochote unachokula nyumbani kinafaa, mradi kiliwe kwa saa yake, ukiwa umekaa, kwenye sahani. Kazi ya ratiba ni kuondoa njaa ya kutisha inayofika usiku, si kupunguza uzito, na NICE yenyewe inaelekeza mgonjwa aambiwe mapema kwamba tiba hii haina athari kubwa kwa kilo. Anayeanza kula kifungua kinywa baada ya miaka ya kukiruka huogopa kwamba atanenepa; hofu hiyo ni ya kweli na iandikwe kwenye shajara kama hisia nyingine, lakini kengele ikilia ale.

Na ukishafakamia? Mlo unaofuata unaliwa kwa saa yake kama kawaida. Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa sababu kuruka kifungua kinywa baada ya usiku mbaya huonekana kama uadilifu, kumbe ndiyo kurudi mwanzo. Ikiwa ratiba nzima ni nzito kwako, anza na sehemu ya siku ambayo haina shida, mara nyingi asubuhi, kisha uongeze kengele moja kila baada ya siku chache.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake. Dini imemruhusu mgonjwa kutofunga, na mwenye ugonjwa huu azungumze na daktari wake na mwanachuoni anayemwamini kabla ya mwezi kuandama, si katikati yake. Anayefunga kwa ushauri huo ahamishie kengele zake usiku: futari, chakula cha usiku, kitafunwa kabla ya kulala, na daku isiyorukwa. Futari ianze kwa tende, maji na uji, kisha mtu apumzike kwa sala ya magharibi kabla ya kurudi kwenye mihogo na sambusa. Desturi hiyo ya zamani ya Waswahili inamfaa mgonjwa kuliko kengele yoyote.

Hatua ya tano: Dakika ambazo hamu imepanda

Hamu ya kufakamia hupanda, hufika kikomo chake, kisha hushuka hata isipotekelezwa. Mtu aliyezoea kuitii hajawahi kuiona ikishuka. Kwa hiyo simu itumike kununua muda. Ukihisi inakuja, fungua shajara na uandike sentensi moja: hamu ni kali kiasi gani kati ya moja na kumi, na nini kimetangulia. Weka saa ya kuhesabu dakika ishirini. Kisha fungua orodha uliyoiandika siku ukiwa mtulivu, yenye mambo manne au matano unayoweza kuyafanya hapohapo ulipo: kumpigia dada, kuoga, kufua nguo za kesho, kutoka nje ya geti na kusalimiana na jirani, kukariri sura au kuimba. Mambo hayo yawe ya kutenda, na yaondoe mikono jikoni. Kulala kitandani ukipitia video fupi hakuhesabiki, na mara nyingi video ya tatu huwa ya chakula.

Saa ikilia, andika tena kiwango cha hamu. Ikiwa imeshuka kutoka tisa hadi sita, hiyo ni habari muhimu hata kama baadaye utakula. Ikiwa umekula, andika pia, bila matusi juu ya nafsi yako.

Mtu mmoja wa kumpigia ni bora kuliko kundi la WhatsApp lenye wagonjwa mia. Makundi hayo huanza kwa kufarijiana, lakini huishia kwenye kupeana siri za kujinyima na picha za mizani.

Hatua ya sita: Kuisoma shajara kila wiki

Chagua saa moja tulivu, Jumapili jioni kwa mfano, usome wiki nzima kwa pamoja. Tafuta nyota ziliko, kisha uangalie kilichotangulia kila nyota: je, kulikuwa na pengo refu bila chakula? Ulikuwa umejiwekea katazo, kama kutokula mkate, ukalivunja? Ulikunywa pombe? Ulikuwa peke yako bila kazi, au ulitoka kugombana na mtu? Wengine hugundua kwamba nyota zao hukusanyika siku za mshahara, wengine siku ambazo watoto wako kwa bibi na nyumba iko kimya. Chagua jambo moja tu la kurekebisha wiki ijayo, uliandike juu ya ukurasa mpya. Mafanikio yapimwe kwa idadi ya milo iliyoliwa kwa saa yake, na nyota zihesabiwe baadaye.

Kuipeleka shajara kwa mtaalamu, na wakati wa kuiacha

Ikiwa umefuata ratiba kwa wiki sita hadi nane na nyota hazipungui, au umeanza kujitapisha, au huzuni imezidi, peleka kumbukumbu zako kwa mtaalamu. Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe huko Dodoma, Mathari mjini Nairobi na Butabika jijini Kampala zote zina huduma za afya ya akili, na hospitali ya wilaya inaweza kukupa rufaa. Huenda daktari wa zamu hajakutana na wagonjwa wengi wa aina hii, kwa hiyo usianze kwa kusema tu «nakula sana», maana utarudishiwa ushauri wa kupunguza wanga. Mwonyeshe wiki mbili za shajara, umwambie ni mara ngapi kwa wiki unashindwa kujizuia na tangu lini.

Programu yenyewe nayo iangaliwe. Ukijikuta unaifungua mara thelathini kwa siku, unapiga picha kila tonge, au huwezi kula kwa mwaliko kwa kuwa hujui uandike nini, ipumzishe siku tatu, ubaki na kengele peke yake. Hali ikitulia kwa miezi miwili au mitatu, acha kuandika kila siku, kengele za vitafunwa uzizime moja baada ya nyingine, lakini ya kifungua kinywa na ya mchana ziache zilie. Usiifute shajara ya zamani. Nyota mbili zikirudi ndani ya wiki moja, rudi kuandika siku hiyohiyo, ukianzia hatua ya tatu, na usome ulichoandika safari ya kwanza kabla ya kutafuta programu nyingine.